Kitambaa cha Kikombe

Mimi ndiye ninayefua vitambaa vya altare,
kila Jumatatu, kwa sabuni ya mche na maji ya kisima cha misheni,
vidole vyangu vyeusi kwa utomvu wa korosho
juu ya nguo nyeupe kuliko chochote kilichomo nyumbani kwangu.
Kwa hiyo msiniambie nani alikunywa baada ya nani.
Najua.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, hapa Masasi,
alipiga magoti Mheshimiwa Osmundi Chilewa,
diwani, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa zamani wa chama cha msingi,
na kulia kwake, kiwiko kwa kiwiko,
Hakimu Nampulu aliyepangiwa kesi yake.
Padri akanywesha, akafuta, akazungusha, akanywesha.
Kwenye kitambaa alama mbili za midomo
zilikaribiana kama watu wanaonong'onezana.

Kesi yenyewe ni fupi:
korosho ziliingia ghalani, fedha hazikutoka.
Zangu kilo mia nne na kumi na mbili.
Za Monika wa bondeni mia sita na ushee,
naye alikwisha kung'oa makuti akingoja bati.

Hakimu ni mwaminifu, tusimsingizie.
Alisimama mbele yetu akasema:
"Mshitakiwa na mimi tulipata kipaimara siku moja,
kwa mikono ya askofu mmoja. Najitoa."
Tulimshangilia, wajinga sisi.
Faili likapanda basi kwenda Lindi.

Lindi alikuwapo Hakimu Hilda Mkwanda, binti wa katekista.
Akafungua ukurasa wa tatu
akakuta jina la mdhamini wake wa ubatizo.
Naye akajitoa. Naye ni mwaminifu.
Faili likateremka Mtwara kwa jaji mwenye mvi,
ambaye alipofika kwenye neno Chidya
akavua miwani:
bweni moja, kitanda cha juu na cha chini,
uji uleule, fimbo ileile,
zaburi ileile kabla jogoo hajamaliza.

Nikaanza kuhesabu kwa vidole hivi.
Aliyepitisha sheria ya ghala. Aliyekamata.
Aliyeshitaki. Aliyetetea.
Wote walikaririshwa katekisimu
kwenye dawati moja refu la mninga,
na dawati hilo alilichonga babu yangu,
malipo mbinguni.

"Editha," jirani yangu Bi. Somoe akanitania,
akipepeta mtama bila kuinua uso,
"kanisa lenu halina waumini, lina ukoo."

Jumapili ya nne sikuwa na sarafu.
Chilewa akapita na sinia, shati limepigwa pasi ya kukata.
Nikakunjua stakabadhi nikaiweka juu ya noti:
namba, tarehe, kilo 412, daraja la kwanza, sahihi yake.
Akaitazama.
Akachomoa elfu kumi mfukoni, akaifunika, akasogea.

Sinia likafika benchi la nyuma, kwa Nampulu,
ambaye tangu ujana hutoa noti kubwa na kujitafutia chenji.
Akainua ile elfu kumi,
na mkono wake ukabaki hewani
hadi wimbo ukaisha, mpiga kinanda akalazimika kurudia kiitikio.

Walihesabia sakristia, nami nikiokota vitambaa.
Mhazini wetu ni kijana, Kolumba, kamaliza kidato cha nne juzi.
"Hii niiandikeje?"
Hakimu alikuwa mlangoni. Diwani alitazama nje,
kana kwamba majabali yamehama.
Hakuna aliyejitoa, hakuna aliyejibu.
Kolumba akaandika, kwa herufi kubwa za shule:
*Noti, 187,000. Sarafu, 3,450.
Korosho kilo 412, hazijapokelewa.*
Akagonga mhuri wa kanisa.

Leo Jumatatu nimefua.
Mvinyo umetoka, midomo imetoka.
Pembeni limebaki doa jeusi, duara, lenye mistari,
kama dole gumba la mtu asiyejua kuandika.
Ni langu.
Nimekianika hivyohivyo.